Chemba ya Tatu

Mguu uliovunjika ulikuwa wa kulia, na hapo ndipo maneno yote yalipoanzia. Ungekuwa wa kushoto, Shangazi angejikongoja hivyo hivyo na gia zake na watu wangenyamaza. Lakini wa kulia ndio wa kupigia kiki. Na hakuuvunja kwenye pikipiki, jambo alilomweleza kila aliyekuja kumjulia hali, hata wale ambao hawakuuliza. Aliuvunja bafuni, kwa sabuni.

Mtaa mzima ulimwita Shangazi, wenye undugu naye na wasio nao. Alikuwa fundi wa vyerehani. Si fundi wa kushona, maana hata kifungo cha gauni lake alishonewa na wengine. Yeye alitengeneza mashine zenyewe: inayoruka mshono, inayokata uzi, inayopiga kelele kama mlango wa banda la kuku. Kazi hiyo aliianza akiwa mfagiaji katika kiwanda cha sare za shule. Alikuwa akifagia polepole sana karibu na fundi wa pale, na fundi alipoacha kazi, mwenye kiwanda alishangaa kuona mfagiaji anafungua mashine na kuifunga bila kubakiza skrubu mezani. Tangu hapo hakushika ufagio wa mtu mwingine.

Mumewe alipofariki, alinunua pikipiki kuukuu kwa mwalimu mmoja aliyestaafu. Ilikuwa ya muundo wa zamani, tangi lake limebonyea upande mmoja, lakini ilikuwa na kitufe cha stata. Sanduku la vifaa alilifunga nyuma kwa mpira, akawa anawafuata wateja majumbani, kwa sababu mashine ya chuma haibebeki kama kikapu. Mvua, jua, vumbi, yeye yumo barabarani na helmeti yake nyeusi, mgongo umenyooka kama mtu anayekwenda kuhutubia.

Sasa alikuwa amekaa ndani miezi kadhaa, na plasta ilipoondolewa, goti lilikuwa limekuwa gumu kama bawaba isiyotiwa mafuta. Kutembea aliweza, kwa fimbo. Kupiga kiki, daktari alisema asahau.

Ndipo mdogo wake alipokuja. Huyu alikuwa dereva wa malori, mtu wa sauti kubwa na moyo mzuri, na ubaya wake ulikuwa mmoja tu: akishaamua jambo, anadhani limekwisha kufanyika.

"Dada," alisema, akiwa bado hajamaliza chai, "umri umekwenda."

"Umekwenda wapi? Mimi si niko hapa?"

"Sikutanii. Kijana wangu amepata kazi ya kusambaza dawa za mifugo, na hana usafiri. Pikipiki inaozea bandani. Jumapili nakuja naye aichukue."

"Na mimi niwafuate wateja kwa nini? Kwa mbawa?"

"Watakuletea mashine hapa."

"Nani ataniletea cherehani ya chuma kutoka ng'ambo ya mto? Wewe ungeleta?"

"Dada, kiki huwezi kupiga!"

"Kiki ya nini, na kitufe kipo?"

Dereva akaweka kikombe chini. "Haya. Tusigombane. Jumapili nikija, utabonyeza hicho kitufe mbele yangu. Ikiwaka, mimi na habari za pikipiki basi, sitazungumza tena mpaka naingia kaburini. Isipowaka, unanipa ufunguo mwenyewe, kwa mkono wako, bila kununa."

"Nimekubali," alisema Shangazi, na akamwongezea chai kwa madaha.

Alikubali upesi kwa sababu alikuwa na uhakika. Binti wa huyo huyo dereva aliishi na Shangazi tangu alipomaliza shule. Alikuwa msusi, na barazani pake hapakukosa vichwa. Siku ile ya kwanza ya plasta, Shangazi alikuwa amemwagiza: kila Jumamosi awashe injini, aiache ingurume kidogo, betri isilale. Na kila Jumamosi, akiwa amelala chali chumbani, alisikia honi uani, pii, pii, akatulia moyoni kama mama aliyesikia mtoto wake amerudi.

Mgeni alipoondoka, alichukua fimbo akaenda bandani. Akafunua turubai. Akazungusha ufunguo. Hakuna taa. Akabonyeza kitufe. Hata tik haikusema.

"Mwanangu, hebu njoo. Ulikuwa unaiwasha hii?"

"Nilikuwa nawasha, Shangazi."

"Injini?"

Binti akatazama chini. "Taa."

"Taa?"

"Injini naiogopa. Niliona itanirukia. Basi nawasha taa ya mbele, inakaa inawaka wakati nafagia uwanja, halafu napiga honi. Nilijua ukisikia honi utajua kazi imefanyika."

Shangazi alikaa juu ya ndoo iliyoinamishwa. Wiki baada ya wiki betri ilikuwa ikinyonywa bila kurudishiwa kitu, kwa upendo, na yeye mwenyewe akifurahia kila tone. Watu wabaya wangesema binti alifanya makusudi ili kaka yake apate pikipiki. Shangazi alilifikiria hilo kwa muda wa kupenga kamasi, akalitupa pamoja nayo.

"Usilie," alisema. "Machozi yana chumvi, na betri haitaki chumvi. Niletee bisibisi yangu ndogo."

Walienda kwanza kuulizia betri mpya. Mwenye duka la vipuri aligeuza kichwa huku na huku, akasema saizi hiyo ya mtindo wa kale haingii siku hizi, ila anaweza kuiagiza. Itafika mwezi ujao, labda. Shangazi akamwambia aagize, na kwa sasa ampe chupa ya maji ya betri yaliyochujwa, yale ya kuongezea, si yale makali ya asidi.

Nyumbani alitandika magazeti mezani, madirisha yote wazi, na akatoa amri kwamba jiko lihamie nje nyuma ya nyumba. "Kuanzia sasa hakuna kiberiti humu ndani. Betri ikichajiwa inatoa hewa inayodaka moto. Anayetaka kupika, akapike uani." Binti alivaa glavu zake za kupakia watu rangi ya nywele, na Shangazi akavaa jozi nyingine, zikambana vidole kama soksi za mtoto.

Waya wa hasi ulifunguliwa kwanza, kisha wa chanya. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga mweupe wenye ukijani. Vikasuguliwa kwa mswaki mzee na maji ya moto yenye magadi, yakafanya povu na kunguruma, mpaka madini ya risasi yakang'aa. Kisha bisibisi ya cherehani ikafungua vifuniko sita, kimoja kwa kila chemba ya betri. Shangazi akachungulia kwa tochi. Maji yalikuwa yameshuka chini ya mstari, na katika chemba ya tatu sahani za ndani zilikuwa uchi kabisa, zimepauka kama mifupa.

"Kiu tupu," alisema. Akajaza maji yaliyochujwa kwa bomba jipya la sindano, lisilo na sindano, chemba baada ya chemba, mpaka kwenye mstari na si zaidi. Binti alimwaga tone moja la asidi ya betri kwenye sketi wakati wa kupanguza. Halikuonekana. Lilionekana sketi ilipofuliwa, tundu kama limetafunwa na panya.

Chaja waliiazima kwa jirani, kinyozi, mtu asiyeweza kutoa kitu bila kukifuata kwa miguu yake. Alikuja nayo, akaiunga mwenyewe, akasimama mikono kiunoni. Taa nyekundu ikawaka, ikazima, ikawaka, ikazima.

"Imeikataa," alisema kinyozi. "Chaja hii ina akili, Shangazi. Ikiona maiti haihangaiki nayo. Zika."

"Na wewe, akija mtu mwenye upara, unamkataa?"

"Mwenye upara nampaka mafuta, ang'ae, aende zake."

"Basi kaa hapo uone mafuta."

Haya mambo Shangazi hakuyasoma popote. Alipoolewa, walikaa mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika, na redio yao ilikula betri ya gari. Mumewe akiwa safarini, yeye ndiye aliyeifunga kwenye baiskeli na kuipeleka kwa mzee mmoja mwenye jenereta. Mzee yule alikuwa na kikohozi na subira. Alimfundisha kutega sikio: chemba nzima, ikishiba, inachemka kidogo kidogo kama maharage yaliyokaribia kuiva, chemba mbovu inakaa kimya. Tena alimwonyesha kwamba betri iliyozimia haiwezi hata kupokea inachopewa, mpaka nyingine iishike mkono kwanza.

Kwa hiyo Shangazi aliagiza betri ya sola iletwe kutoka chumbani, ile ya taa za nyumba, ya volti zile zile. Akaunga kwa waya mnene: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, akarudia kusema kwa sauti kama anayekagua hesabu. Waya ukaanza joto kidogo. Wakaziacha zikae pamoja wakati binti anaosha vyombo. Kisha, zote mbili zikiwa bado zimeungwa, akabana chaja juu ya ile ndogo. Taa ikapepesa, ikasita, ikatulia rangi ya chungwa. Hapo ndipo akaondoa ile kubwa. Taa haikuyumba.

"Umeidanganya chaja yangu," alisema kinyozi.

"Sikuidanganya. Nimeitambulisha."

Akaiweka kwenye mwendo wa chini kabisa, ule wa taratibu, akakataza mtu yeyote kuuharakisha. Siku zile nyumba ilikuwa kama ina mgonjwa. Watu walipita wakinyata. Kina mama waliokuja kusukwa waliuliza hali ya betri kabla ya hali ya mguu. Shangazi aliinamisha sikio mezani mara kwa mara, na mara ya kwanza aliposikia kitu alimshika binti bega: chemba zilikuwa zinachemka. Ya kwanza, ya pili, ya nne, ya tano, ya sita.

Ya tatu, kimya.

Akachomoa chaja. Akaipa betri balbu moja iiwashe mpaka ichoke, kisha akaanza kuichaji upya. Akarudia tena. Kinyozi alisema anapoteza umeme. Alimwambia umeme ni wake, aende akanyoe watu. Jumamosi mchana aliinama kwa mara nyingine na kusikia katika chemba ya tatu vipovu vyembamba, vichache, kama mtoto mchanga anayepuliza mate. Alikaa akasikiliza mpaka shingo ikamuuma.

Jumapili kinyozi alikuja mapema. "Shangazi, nipige kiki mimi sasa hivi. Wakifika waikute inanguruma. Nani atajua?"

"Mimi."

"Kwani umekula kiapo?"

"Tulisema kitufe. Toka kwenye pikipiki yangu."

Betri ilikuwa imesharudishwa mahali pake, na hata Shangazi mwenyewe hakuijaribu. Alitaka nguvu yote ibaki mle ndani.

Dereva alifika na kijana wake, mwanamume mrefu mpole, amebeba helmeti mpya mkononi na anaonekana kuionea haya. Salamu zikapita, afya ya mguu ikaulizwa, kisha wote wakasimama uani. Shangazi alimpa binti fimbo, akapanda, jambo lililochukua muda na ambalo hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akavuta choki ya injini. Akazungusha ufunguo, taa ya kijani ikawaka. Akabonyeza.

Nyiii, ilisema stata. Nyii. Tik.

Honi ya gari ilisikika mtaa wa mbali. Dereva alinyoosha mkono polepole, kiganja juu, uso wake hauna ushindi wowote. "Dada. Tulikubaliana."

Shangazi alizima ufunguo. Vidole vyake vilikuwa vimeushika, na kwa muda haikujulikana kama anautoa au anaung'ang'ania.

"Ipumzike," alisema.

"Dada..."

"Wewe lori lako likigoma mlimani unampa mtu ufunguo papo hapo?"

"Baba, mwache," alisema kijana. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu salamu.

Mkono wa dereva ulibaki hewani. Shangazi alihesabu pumzi zake kimya kimya, kama alivyofanya siku walipomnyoosha mfupa. Kisha akawasha ufunguo, akabonyeza, na hakuachia. Nyiii. Nyii. Nyi. Injini ikakohoa, ikatoa moshi wa buluu, ikakamata. Binti alipiga kelele iliyowatoa watu majumbani.

"Umebonyeza mara mbili!" dereva alipaza sauti juu ya mngurumo.

"Tulisema kitufe! Kuna aliyetaja mara ngapi?"

"Basi zima! Uwashe tena!"

Hapa angeweza kukataa. Alizima. Akabonyeza. Ilikamata kwa shida, lakini ilikamata.

Dereva akarudisha mkono mfukoni. Alisimama ameinamisha kichwa, sikio limeelekea kwenye betri. Naye amelala chini ya malori akiyatengeneza tangu ujana wake. "Kuna chemba imechoka humo," alisema mwishowe.

"Ya tatu."

"Unajua?"

"Nani alikwambia sijui? Mpya imeagizwa."

"Basi mpaka ifike, usiende mbali."

"Niende wapi mimi, na mguu huu?"

Wakaingia ndani kula. Kijana alikuwa wa kwanza kuomba kuongezewa, na hakuigusa tena ile helmeti mpaka walipoaga.

Jumatatu asubuhi Shangazi alifunga sanduku la vifaa nyuma, akachomeka fimbo kando yake, akabonyeza kitufe, akaenda ng'ambo ya mto, kwenye darasa la ushonaji lililokuwa likimsubiri tangu mguu uvunjike. Alipofika hakuegesha kwenye kivuli karibu na mlango kama zamani. Aliiacha juani, juu ya kilima, uso umeelekea mteremkoni, ili kitufe kikigoma mteremko uiwashe.