Fomu ya Nyumbani kwa Bi Hakikisha

Ofisini tulimwita Bi Hakikisha, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kazi yetu ilikuwa kupita nyumba hadi nyumba kuuliza watu wanaongea lugha gani, hasa zile lugha za wenyeji zisizosikika redioni wala kuonekana vitabuni. Sisi makarani tulijaza fomu, yeye akazikagua. Ukimpelekea jibu la juujuu, anainua miwani na kukuuliza, "Ulimuuliza, au ulimtazama tu usoni?"

Mimi alinikamata wiki ya kwanza. Jua lilikuwa kali, miguu imevimba, nikaketi kwenye kibanda cha muuza chai na kujaza nyumba tisa kwa kukisia. Watu wale nilijua wanakotoka, sasa shida iko wapi? Hakunichongea kwa mkubwa. Alinirudisha nyumba zote tisa, na yeye akanifuata nyuma kama askari magereza. Nilinuna siku mbili nzima. Lakini katika zile tisa, nne nilikuwa nimekosea, na hilo lilinifunga mdomo.

Alikuwa na miaka hamsini na ushee, hana mume wala hamtafuti, akiishi na mama yake katika vyumba viwili nyuma ya karakana ya seremala. Mama huyo alikuwa dobi wa hospitali hadi alipostaafu. Mtaani kwao ndiye pekee aliyebaki na lugha ya kwao, na asipoandikwa, ripoti ingesema lugha hiyo haina msemaji hata mmoja pale. Jambo hilo lilimkosesha Bi Hakikisha usingizi. Lakini mtu wa ofisi yetu haruhusiwi kuhoji nyumbani kwake, kwa hiyo nilitumwa mimi.

Nilifika saa nne asubuhi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa kukisia?"

Nilicheka, ningefanyaje? Nikamsomea maelezo: jina lake halitaandikwa, anaweza kukataa swali lolote, na anaweza kubadili jibu kabla sijafunga fomu. Alisikiliza huku akikunja shuka, kona kwa kona, bila mkunjo hata mmoja.

"Unaongea lugha gani, mama?"

"Hiihii tunayoongea."

"Na nyingine?"

"Hakuna."

Bi Hakikisha, aliyekuwa akimenya viazi mlangoni, aliruka. "Mama! Si unaongea..."

"Dada, tusimjibie anayehojiwa," nikamwambia. Sitasema uongo, nilisikia raha.

Mama hakukasirika. "Kule kufulia nilikuwa nafanya kazi na dada yangu," akaniambia. "Siku moja msimamizi akatusikia tukiongea kwa lugha yetu, akasema tunamsengenya. Dada akafukuzwa. Mimi nilibaki kwa sababu niliapa siijui. Basi siijui. Andika hakuna."

Nikaandika hakuna. Bi Hakikisha aliitazama kalamu yangu mpaka ikasimama. Angeniomba nibadilishe, Mungu anisamehe, ningebadilisha. Hakuniomba. Siku hiyo nilimheshimu kuliko siku zote.

Fomu huuliza kila aliye nyumbani, basi ikawa zamu ya Bi Hakikisha. Lugha? Akaitaja ile ya kwao kwa haraka, kifua mbele. Nikaenda swali linalofuata: "Unaiongea, au unaielewa tu?"

Kiazi kilibaki mkononi nusu kimemenywa, nami nilitamani swali hilo lisingekuwepo.

"Naielewa tu," akasema mwishowe. "Nilikuwa namsikia mama na mama mkubwa wakiongea chumbani, mlango umefungwa. Kuongea sijui."

Mama akaweka shuka chini. "Jibu langu bado linabadilika?"

"Linabadilika, mama."

"Basi andika naiongea. Naiongea vizuri kabisa."

Bi Hakikisha akatabasamu kama binti wa miaka kumi. Mimi pia moyo ulinitulia. Lakini fomu ni fomu, na swali la mwisho lilikuwa pale. "Unaiongea na nani?"

"Na dada yangu."

"Yuko wapi sasa?"

"Alifariki. Huu mwaka wa kumi na moja."

"Nipo mimi, mama," Bi Hakikisha akasema, kwa lugha hii tunayoongea sote.

Mama alimtazama kwa upole ambao ni vigumu kuuandika. "Wewe nilikunyima, mwanangu. Niliogopa nawe wasije wakakufukuza mahali." Kisha akanigeukia. "Andika hakuna mtu."

Nikaandika. Bi Hakikisha alilia waziwazi, bila kujificha, na sikujua nitazame wapi. Mama akavaa miwani, akaomba karatasi, akaufuata mstari ule wa mwisho kwa kidole, kuhakikisha nimeandika alivyosema, neno kwa neno, kisha akanirudishia.