Matundu ya Hewa Tuliyoyaziba kwa Kumwogopa Bundi

Kosa lilikuwa letu, nisimsingizie mtu. Ofisi yetu ya ushirika wa wakulima wa minazi pale Ukunda ilikuwa nyumba kuukuu ya mawe, yenye kuta nene na matundu ya hewa juu kabisa, karibu na dari. Bundi akaingia kwenye tundu moja akataga. Basi! Bundi ofisini, nani angengoja msiba? Mimi karani, msomi mzima, ndiye niliyetafuta saruji tukaziba matundu yote, hata yasiyokuwa na ndege.

Joto lililofuata, lahaula! Saa nne asubuhi karatasi zilikuwa zinaganda mikononi. Meneja wetu, mtu wa bara, akanunua mashine mbili za kupoza hewa. Tulifurahi kama watoto. Bili ya umeme ilipokuja aliisoma mara tatu, akavua miwani. Kila mwezi ikawa vivyo hivyo, mpaka akaniambia lazima mtu mmoja apunguzwe.

Akapunguzwa mama aliyekuwa akitufagilia. Alikuwa mjane wa Bongwe, na mshahara ule ndio uliokuwa ukimsomesha binti yake sekondari. Barua niliipiga chapa mimi, kwa mikono yangu hii. Aliipokea akasema, "Haya mwanangu, Mungu yupo." Nikaona soni, nikaenda kunywa chai.

Miezi mitano baadaye paa likavuja, tukamwita fundi kutoka Waa. Alipoingia hakutazama paa, alitazama ukuta.

"Nani ameyaziba haya?"

"Sisi. Kulikuwa na bundi."

"Ala! Nyinyi mna wazimu? Upepo wa bure mmeufungia nje, halafu mnanunua mwingine?"

Kazi ilikuwa ya siku tatu. Aliziba panapovuja, akazibua matundu na kuyawekea wavu wa kuzuia ndege, akayapaka mabati chokaa nyeupe ili yasishike joto. Tukazima mashine moja, kisha ya pili. Bili iliyofuata nilidhani si yetu. Nikashika kalamu: kilichopungua kwa mwezi mmoja tu kilizidi mshahara wa yule mama, na fundi tungemaliza kumlipa kabla ya miezi mitatu. Jamani, tulimfukuza mtu kwa sababu ya matundu ya ukuta!

Meneja alitia sahihi barua ya kumrudisha bila kuinua uso. Nikaenda nayo Bongwe mbio. Nilimkuta uani anakuna nazi, binti yake kando anachambua mchicha. Ilikuwa Jumanne, saa za shule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nilimweleza yote, bundi, saruji, mashine. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono umesimama juu ya mbuzi ya nazi.

"Kwa hiyo mliona kuniondoa mimi ni rahisi kuliko kupanda ngazi?"

Nikamnyoshea barua. Aliikunja ile barua, akaitia kwenye pindo la leso.

"Kazi naitaka, Jumatatu nitakuja. Lakini huyu ameshaposwa. Mahari tumekwisha kuila."