Theluji ya Chini ya Bahari

Cheka ukitaka, lakini usiniambie nilikuwa naota. Nani huota akiwa amesimama, na mzigo wa majani kichwani?

Ilikuwa Masama, wakati wa vita vya pili vya Wazungu. Kaka yangu Elia alipandishwa meli pamoja na askari wenzake, na barua zake zikakoma. Wazee wa ukoo walitaka aliliwe. Mama alikataa. "Simlilii mtoto ambaye sijaambiwa amelala wapi," alisema, na nyumba yetu ikakaa hivyo, haina kilio wala kicheko.

Jioni moja ya kiangazi nilikuwa huko chini tambarare, nimekata majani ya ng'ombe. Wenzangu walikwisha kupanda kurudi nyumbani. Mzigo wa majani huwezi kujitwika peke yako, kwa hiyo niliukalia nikingoja mpita njia, giza likiingia.

Akaja mwanamume anayechuruzika maji.

"Bado unafunga mzigo mkubwa kuliko wewe," akasema.

Niamini, ilikuwa sauti ya Elia. Ningemwuliza nini zaidi ya lile la mama? Nikamwuliza analala wapi.

"Chini sana, mdogo wangu. Jua huingia majini kidogo tu, halafu ni buluu, halafu giza. Samaki wa kule wana taa zao mwilini. Na theluji huanguka usiku na mchana."

"Kama ya Kibo, kule kileleni kwetu?"

"Ya Kibo hutazamwa na watu. Hii ni vumbi la kila kinachokufa huko juu, samaki na vijidudu visivyoonekana. Hushuka polepole, na walio chini huishi kwa hiyo." Akauinamia mzigo wangu. "Nami nimeshuka nayo."

Akanitwika mzigo. Nilipogeuka kumshukuru, njia ilikuwa tupu.

Nyumbani ng'ombe hakuyala yale majani. Aliyalamba tu, kama anavyolamba magadi. Mama akachukua jani moja, akaliweka ulimini. Chumvi. Nikamweleza yote, naye akauliza jambo moja.

"Hizo taa za samaki, zinamfikia?"

Nikasema zinamfikia. Ningejuaje? Ndipo mama akalia, na majirani wakaingia mmoja mmoja kulia naye.

Hata leo mawingu yakifunguka mlimani, mimi huinamisha macho. Wengine wanaona weupe. Mimi naona kitu kinachoanguka mahali pasipo na mtu wa kukipokea.

Nawe, ukikaa peke yako na mzigo wako chini, akaja mtu aliyelowa wakati wa kiangazi, mwache akutwike. Ila mshukuru kwanza, ndipo ugeuke.