Niliulizwa Kuhusu Mtani Wangu, Nikamnyima Neno Moja

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili msipoteze muda kunitafutia sababu. Nimemharibia mtu kazi, tena mtu aliyenifundisha namna ya kuitafuta. Jina langu silitaji hapa kwa sababu naona aibu, basi!

Mimi ni Mnyamwezi wa Kwihara, wakala wa bima hapa Tabora mjini. Bodaboda wananijua, wenye malori wananijua. Kwenye kibanda chetu meza ya pili ilikuwa ya dada mmoja Mzaramo, nitamwita Mwaju. Na mnajua Mnyamwezi na Mzaramo wakikutana inakuwaje. Ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakibeba pembe za ndovu kwenda Pwani na kupita kwao.

"Wewe mbeba mizigo, umeamka?" ndiyo ilikuwa salamu yake.

"Nimeamka, Mzaramo. Nilisikia umekufa, nikaja na jembe nikuzike."

Wateja wanacheka, sisi tunauza stika za bima. Miaka minne hatukuwahi kununiana. Mtani hakasiriki, ndiyo sheria yenyewe.

Mwaju ndiye aliyeniingiza kwenye ule mtandao wa kikazi, ambako watu huweka elimu yao na kazi walizofanya ili waajiri wawaone. Alinipiga picha nimevaa koti la kuazima. Akanionyesha jinsi ya kuwaomba urafiki mameneja wa bima wa Dar na Mwanza. "Usiwaandikie 'mambo vipi'," akaniambia. "Waandikie unachokijua kazini."

Kampuni moja ikatangaza huko nafasi ya ofisa madai, yule anayekagua fidia za wateja, tawi jipya la Tabora. Mshahara wa kila mwezi, ofisi yenye feni! Tuliomba wote wawili. Mwaju akaitwa kwenye usaili. Mimi, kimya.

Niliumia, jamani. Nilimpa hongera huku roho inaniwaka. Kazi hii niliianza kabla yake, yeye nilimpokea mimi.

Alipofika hatua ya mwisho akaandika kwenye ukurasa wake kwamba waliowahi kufanya kazi naye waseme neno, maana waajiri wanapita kusoma. Kisha akapanda treni kwenda Bukene kuwaona wateja wake wakulima, na huko simu yake haikushika mtandao.

Saa sita mchana nikaandika chini ya maneno yake, watu wote waone: "Huyu Mzaramo mkimpa madai, fungeni makabati. Gari la mteja likiungua atawauzia majivu. Kazi hajui, kula anajua."

Ningemwambia hivyo usoni angenirudishia tusi kubwa zaidi, tukaagiza chai. Lakini siku ile moyo wangu haukuwa kwenye utani. Nilijua mabosi wanasoma.

Haikupita saa moja, ujumbe ukaingia. Ni dada wa ajira wa kampuni ile. "Habari ndugu. Tumeona maoni yako kuhusu mwombaji wetu. Je, kuna tukio lolote la udanganyifu tunalopaswa kulifahamu? Tunafanya uamuzi leo saa tisa."

Yule dada hakutujua, wala hakujua mambo ya utani wetu. Sentensi moja ingetosha: dada, huyo ni mtani wangu, ni mwaminifu kuliko hata mimi. Niliiandika. Nikaifuta. Akaja kijana wa bajaji, nikamkatia bima, namba ya usajili nikaikosea mara mbili. Nikaishika simu tena. Saa nane kamili. Nikampigia Mwaju, hapatikani. Nilishukuru kwamba hapatikani, Mungu anisamehe!

Saa nane na nusu nikajibu: "Nisingependa kulizungumzia hilo."

Mnaona ujanja wangu? Sikusema uongo hata neno moja, ndivyo nilivyojifariji. Lakini mimi ni mtu wa bima. Nilijua fika kwamba kwetu jibu la namna hiyo linamaliza mtu.

Mwaju akakosa kazi. Mimi pia sikuipata, akaletwa mtu kutoka Mwanza. Kesho yake niliyafuta maoni yangu nikadhani yameisha.

Siku ya tatu Mwaju alikuja kibandani, hakuniita mbeba mizigo. Alisimama mbele ya meza yangu kama mteja.

"Yale uliyoandika niliyasoma stesheni Bukene mtandao uliporudi," alisema. "Nilicheka peke yangu, nikawa natafuta la kukujibu. Leo nimewapigia kampuni kuuliza nimekosea wapi. Wakasema mwenzangu aliulizwa. Uliwajibu nini?"

"Mwaju, ule ulikuwa utani..."

"Sijakuuliza utani. Nimekuuliza uliwajibu nini."

Nikageukia droo, nikajifanya natafuta stika. Akakusanya vitabu vyake vya risiti, akahamia kibanda cha upande wa pili wa soko.

Miezi miwili baadaye mama yangu akafariki. Kwihara ilijaa watu. Kwetu msiba bila mtani haujakamilika. Mtani ndiye anayemwigiza marehemu, ndiye anayejilaza mlangoni jeneza lisipite mpaka apewe kuku, na waliolia tangu jana wanajikuta wanacheka. Mama alimpenda Mwaju, alikuwa akimwambia, "Nikifa usinililie, uje unitukane." Nilipomwona anashuka kwenye bodaboda nilimkimbilia. Nikasema, sasa atanitukana, yataisha!

Alinipa mkono. "Pole sana kaka kwa msiba." Akaenda kukaa mkekani na wanawake.

Shangazi akamwita, "Wewe Mzaramo, mbona umekaa kama mgeni? Jeneza linatoka, mtani wetu!"

"Shikamoo mama," Mwaju alijibu taratibu. "Mimi si mtani wa hapa. Nilifanya kazi jirani na mwanenu tu."

Jeneza la mama likapita mlangoni, hakuna aliyelizuia.

Wiki iliyofuata nilimwandikia dada wa ajira ukweli wote. Alisoma, hakujibu.

Ndugu zangu mnaotafuta kazi mitandaoni, utani wenu uacheni kibandani, huko wapo wasiowajua. Na kama umeshaandika upuuzi kisha mtu akakuuliza, jibu! Jibu hapohapo, hata kama kazi hiyo uliitaka wewe. Mimi nilikuwa na karibu saa mbili nzima za kusema kwamba Mwaju si mwizi, na simu ilikuwa mkononi mwangu.