Kichala Kisichochovywa

Mama mkwe huinua kikombe cha dawa taratibu, kama anayemnywesha mtoto mgonjwa, hadi kichala kizima cha vitumba vya zabibu kizame. Dawa imetiwa rangi nyekundu ili ajue alipopita, na Mei yote viganja vyake ni vyekundu hata mezani. Satsuki, mke wa mwanawe, bado haamini: maua yaliyochovywa hayatahitaji chavua, hayatashika mbegu, lakini Agosti zabibu zitajaa, tamu, laini mpaka katikati. "Bila baba?" aliuliza siku ya kwanza. "Bila baba," mama mkwe alinong'ona, kana kwamba yuko hekaluni.

Leo Satsuki aliona kichala kimoja cha kijani, kisichochovywa, kando ya nyumba, akakikimbilia na kikombe. Mkono mwekundu ukamdaka. "Hicho kiache, mwanangu. Ni cha mzee." Mzee ni marehemu mumewe, picha yake iko kwenye madhabahu ya nyumbani, na matunda ya kwanza huwekwa mbele yake. "Bila mbegu za kutema uani, yule haoni kama amekula. Akizikosa atanitemea maneno!" Akacheka peke yake. Kisha akayatenga majani kwa vidole vyake vyekundu, ili upepo ukifikishie chavua.