Ng'ombe Hana Mtulinga

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, kule upande wa Rongai, nilisikia nyama ikichanika ndani ya ngozi. Mwanangu, sauti hiyo sijui inaitwaje. Ni kama mtu anararua gunia lililolowa, polepole, chini ya blanketi. Kisha maksai wetu tuliyemwita Jemadari akatoka mtaroni, akasimama kwa miguu mitatu. Ule wa mbele wa kushoto ulikuwa ukining'inia kama mkono wa koti lisilo na mtu. Kifua kilikuwa kimeshuka upande huo, na kombe la bega limepanda juu likapita mgongo. Aliniangalia tu.

Juzi uliponisomea kitabu chako cha udaktari wa mifugo nikainuka nikatoka nje, ulidhani nimechoka. Sikuchoka. Ulikuwa umefika pale pa mguu wa mbele.

Kitabu kimesema kweli. Sisi watu, ukijishika hapa chini ya shingo, kuna mfupa mwembamba unaokwenda hadi begani. Huo ni mtulinga, ndio unaofunga mkono na kifua. Ng'ombe hana. Kombe lake la bega limelala tu juu ya mbavu, na katikati iko nyama pana yenye meno kama ya msumeno, imeshika mbavu huku na kombe huku. Kifua chote kinabebwa na nyama hizo, ya kushoto na ya kulia, vile mtoto anavyobebwa kwa mbeleko. Chana moja, na mzigo umeanguka.

Lakini hayo nani hakuyajua? Hapo ndipo panaponichoma. Nilipokuwa kijana, mjomba alinikuta nimeinua shoka nikate mguu wa mbele wa mbuzi tuliyemchinja. Akanikemea mbele ya watu. "Weka shoka chini, wewe. Huko hakuna mfupa wa kukata. Pitisha kisu, mguu utakuja wenyewe." Na ukaja, laini kabisa. Mguu wa nyuma ndio wenye kiungo cha kutafuta kwenye nyonga. Kila mtu aliyewahi kuchinja anajua hivyo, hata asiyejua kuandika jina lake. Na Simeoni, nyapara wa shamba la mzungu tulikofanya kazi, kila Krismasi ndiye aliyekuwa akijikatia kwa kisu mguu wa mbele na kujichomea pale pale.

Basi asubuhi ile Jemadari aliteleza kwenye mtaro tukienda kulima. Bwana, yule mzungu mwenye shamba, alikuwa ameenda Nakuru, angerudi mchana, na Simeoni hakutaka amkute maksai kwenye tope. Mimi ndiye niliyeongoza maksai. Nilimwambia tuchimbe ukingo, tupitishe magunia chini ya kifua, tumwinue. Akaniuliza kama mimi ni mwongoza maksai ama ni daktari. Akafunga kamba kwenye ule mguu wa mbele, akafunga ncha ya pili nyuma ya trekta, akapanda mwenyewe. Nikashika kamba nikamwambia, "Nyapara, huo mguu umeshikwa na nyama peke yake, unajua." Akasema, "Toa mkono ama uende na yeye." Nikatoa mkono. Ungefanya nini?

Ngoja nikueleze siku zenyewe zilivyokuwa. Ilikuwa wakati wa hali ya hatari, wapigania uhuru wakiwa msituni. Kwenye mashamba ya jirani ng'ombe wa wazungu walikuwa wanakatwa misuli ya miguu usiku, na watu wa kwetu ndio waliokuwa wakiangaliwa kwa jicho baya. Simeoni aliyajua hayo pia. Bwana aliposhuka garini akamwona Jemadari, nyapara wangu hakumeza hata mate. Alisema huyu kijana amemkata nyama ya bega, wamemtuma watu wa msituni.

Bwana akaita askari wanishike, akampiga maksai risasi, akamwita Zakaria, dresa wa mifugo, aliyekuwa akitibu ng'ombe wa mashamba ya pale. Zakaria alikuwa amesomeshwa hizo nyama na mifupa, jina kwa jina. Akamchuna mbele yetu. Ngozi ilitoka nzima, mwanangu. Nzima! Damu ilikuwa imevilia ndani, nyama imechanika nyuzi nyuzi, lakini juu hakuna hata mkwaruzo wa mwiba. Nikasema, na askari wakiwa wamenishika, "Tandazeni hiyo ngozi. Ni panga gani linalokata nyama likaacha ngozi?"

Simeoni akacheka. "Sasa huyu anatufundisha kuchinja."

Nilimwangalia Zakaria. Akapangusa kisu chake kwenye nyasi, upande huu, upande ule. Kisha akamwambia bwana maneno machache ya Kizungu. Kizungu sikukijua, lakini neno moja nililijua kwa sababu hata jikoni kwa bwana lilikuwa likisemwa: naifu. Kisu.

Neno hilo lilinipeleka kizuizini kwa miaka mingi, nikivunja mawe. Mama alipakiwa kwenye lori na sufuria moja, akatupwa rizavu, kule tulikotengewa sisi Waafrika, kwa watu asiowajua, akafia huko. Kaburi lake nilionyeshwa kwa kidole na mtu ambaye hakuwa na uhakika.

Wazee husema njia ya mwongo ni fupi. Ya Simeoni bado haijaisha. Wazungu walipoondoka alipata kipande kwenye shamba lile lile, na kanisani anakaa benchi la mbele. Zakaria ana duka la dawa za ng'ombe kule Bahati, na watu wanamwita daktari. Nilikutana na Simeoni sokoni Nakuru, akanishika mkono kama ndugu, akaniambia hayo yalikuwa mambo ya mkoloni, tusahau. Mkoloni! Mkoloni ndiye aliyepanda trekta?

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Usimvute mnyama kwa mguu wa mbele hata ukiharakishwa na nani. Chimba, mwinue kifuani. Na hayo majina unayosoma, ya kila mfupa na kila nyama, siku moja utasimama juu ya mzoga na mkubwa atakuuliza ni nini kimemuua. Sema ulichokiona. Kama unaogopa kukisema, acha shule sasa hivi, rudi nyumbani ulime, hutamdhuru mtu. Mjinga akinyamaza tunamsamehe. Anayejua akinyamaza amekushika ili mwingine akupige.

Mungu akupe mkono mwepesi na mdomo usiotetemeka. Mifugo utakayoigusa isimame.

Na wewe Simeoni, na wewe Zakaria, bado mko hai na mimi niko hai. Sitaki pole yenu. Njooni mbele ya watu wa Rongai, mchana, mseme ni nini kilichana ile nyama, na nani alifunga ile kamba.