Dereva Aliyeshuka Kumsalimia Polisi

Kiti cha magurudumu kinapanda taratibu kwa lifti ya gari, na Mama Bernardine, aliyejifunika mablanketi mawili juu yake, anamwonya dereva asimtikise kama gunia la mihogo. Dereva anacheka. Ni asubuhi ya baridi mjini Coon Rapids, kaskazini mwa Minneapolis, Marekani, mwezi Machi unakwisha na theluji bado imeng'ang'ania pembeni mwa barabara.

Dereva ni Mahfudh Alwi, mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili. Kazi yake ni kuwapeleka wagonjwa wa figo kituoni wakasafishwe damu, kisha kuwarudisha makwao. Anafunga mikanda ya kiti, anaivuta mmoja mmoja, halafu anaivuta tena.

"Kazi hii nimeililia," anasema akifunga mlango. "Nilidhani sitaigusa tena maishani mwangu."

Na kweli aliililia. Kwa miezi mitano Mahfudh hakuruhusiwa kuusogelea usukani huu, kwa kosa ambalo, ukimsikiliza vizuri, utaona ni kosa la mtu aliyelelewa akaleleka.

Ilikuwa Ijumaa, mwezi wa Oktoba. Alitoka msikitini moja kwa moja kwenda kumchukua Mama Bernardine, kanzu bado mwilini. Akampakia, na njiani kuelekea kituoni, katika mji mmoja wa pembezoni ambao wakili wake ametuomba tusiutaje, taa za polisi zikamwakia kwa nyuma. Taa ya breki ya gari lake ilikuwa imeungua, naye hana habari.

Sasa, mtu aliyeendesha gari Mombasa miaka na miaka hufanya nini akisimamishwa na askari? Hushuka. Humfuata, humpa mkono, humuuliza habari za kazi, ndipo mengine yaendelee. Kukaa kitini ukamwacha mtu mzima akufuate hadi dirishani ni dharau, na dharau, wenyewe wa Mombasa wanajua, hupandisha bei ya kosa.

Marekani mambo ni kinyume chake. Unatulia ndani, mikono juu ya usukani, hushuki mpaka uambiwe. Mahfudh alielezwa hayo tangu wiki yake ya kwanza nchini. Ila alikuwa hajasimamishwa hata mara moja, na siku ilipofika miguu yake ikafanya ilichozoea.

Basi akashuka akitabasamu, mkono umetangulia. Askari akampigia kelele arudi ndani. Kuona mwenzake amehamaki, Mahfudh akaona heri amwonyeshe leseni upesi apate kutulia. Akapitisha mkono kwenye mpasuo wa ubavuni mwa kanzu, aufikie mfuko wa suruali aliyoivaa ndani yake.

Aliyewahi kuvaa kanzu anaujua mpasuo huo. Askari yule hakuujua. Alichokiona ni mkono wa mtu asiyemfahamu ukizama ndani ya nguo.

Kilichofuata ni lami. Mahfudh alijikuta kifudifudi, mkono umesokotwa nyuma, goti la askari limemkalia katikati ya mabega. Na katika miji hii miwili, Minneapolis na Saint Paul, tangu mwaka 2020 hakuna asiyejua goti la polisi linaweza kumfanya nini mtu aliyelala hivyo.

"Nilitoa shahada," anasema. "Nikamwaza mwanangu Swafiya. Nikasema basi, ndiyo imekwisha."

Ndani ya gari, Mama Bernardine, mjane kutoka Bukavu nchini Kongo, alikuwa amefungwa barabara kwa mikanda ileile ambayo dereva wake huivuta mara mbili. Hakuweza kushuka.

"Miye nilipiga kioo na mikono yote mbili," anasimulia. "Nililia: ule mutu ni dereva wangu, alishuka kwa kusalimia tu!"

Hatujui kama kilio chake kilisikika. Tunachojua ni kwamba gari la pili la polisi lilifika, akashuka askari wa kike, kijana, akamshika mwenzake bega na kumwambia amwachie mtu huyo. Sheria ya jimbo inamtaka askari amzuie mwenzake akizidisha nguvu. Wapo wanaoisoma sheria hiyo wakaishia kuisoma. Yule dada aliitekeleza, na Mahfudh humwombea dua mpaka leo.

Alinyanyuka na bega lililoteguka, tena akiwa na shtaka la kumzuia afisa kufanya kazi yake. Hapo ndipo shida yenyewe ilipoanza. Dereva wa wagonjwa hutakiwa kuwa na jina safi. Kampuni ikamsimamisha kazi mpaka kesi iishe, na akitiwa hatiani, asirudi tena.

Majirani wakamshauri akiri kosa, alipe faini, yaishe. Yu hai, wakamwambia, anataka nini tena? Ushauri wenyewe ulikuwa wa watu wanaompenda, na Mahfudh alikaribia kuukubali. Alikuwa akipakia maboksi ghalani kwa mkono mmoja, kwa malipo madogo kuliko aliyoyazoea, na mkewe, Shamsia, afuaye shuka hospitalini, alishaanza kufanya zamu mbili.

Ni huyohuyo Shamsia aliyekataa katakata. Alimwambia mumewe maneno ambayo Mahfudh anayarudia mpaka leo: "Baba Swafiya, ukikiri umekosa, na lile goti pia umelikubali."

Wakapeleka malalamiko kwenye idara ya polisi ya mji ule. Wengi waliwacheka, nami siwalaumu. Nani hapa amezoea kuona polisi wakijichunguza wakajikuta na makosa?

Lakini uchunguzi ulifanyika. Picha za kamera za vifuani zilitazamwa. Yule askari wa kike alieleza aliyoyaona, hakumkingia mwenzake kifua. Mama Bernardine naye akasukumwa mpaka ndani ya ofisi na kiti chake, akaongea kwa kujinafasi, akakataa kuharakishwa.

Likabaki swali moja: mtu yule alikuwa akitafuta nini ubavuni? Mahfudh alikwenda na kanzu yake, akaivaa juu ya suruali mbele ya mchunguzi, akapenyeza mkono kwenye mpasuo na kuutoa na leseni.

"Yule mchunguzi, mama wa watu, aliinama kuutazama mpasuo," anakumbuka. "Kisha akaniomba nirudie, polepole."

Katikati ya mwezi huu majibu yakatoka. Shtaka limefutwa. Idara imekubali kwamba nguvu iliyotumika ilipita kiasi, na askari amesimamishwa bila mshahara na kuondolewa barabarani. Wako wanaosema adhabu ni ndogo. Mahfudh habishani nao.

"Kumfukuza au kumbakisha, hilo ni lao," anasema. "Mimi nilitaka waseme sikukosa. Wamesema."

Simu ya wakili ilipoingia, Shamsia alikaa chini jikoni, akacheka na kulia kwa pamoja, mpaka Swafiya akamuuliza kwa Kiingereza kama ni habari njema au mbaya. Wiki hiyohiyo kampuni ikamrudishia Mahfudh gari lake.

Sasa ana mipango. Msikitini wanapanga viti kama ndani ya gari, naye atawafundisha wageni wapya namna ya kutulia wakisimamishwa. Idara nayo imemwomba aje azungumze na askari wanafunzi. Shamsia alinuna siku mbili, kisha akampigia pasi shati. "Sisi tujifunze kukaa," anasema Mahfudh, "na wao wajifunze kungoja kidogo."

Hofu haijamtoka yote. Tangu arudi kazini, kila jioni humsomea mkewe hesabu ya magari ya polisi aliyokutana nayo, wapi, na mikono yake ilikuwa wapi. Anataka siku moja apishane nao kama anavyopishana na gari la maziwa.

Jana, anasimulia Shamsia, mumewe alirudi, akaomba chakula, akaanza kulalamikia kelele za Mama Bernardine njia nzima. Shamsia akasubiri ile hesabu. Haikuja. Mwishowe akauliza mwenyewe: leo hukuwaona polisi?

"Akafikiri," anasema Shamsia. "Akaniambia, 'Nadhani niliwaona. Sikumbuki wapi.' Akaniomba nimwongeze mchuzi."